Majivu Chini ya Noah

Elirehema alikuwa akiosha gari lake kila jioni, na kwa sababu hiyo alijiona analijua. Aliosha vioo, akasugua rimu kwa mswaki wa meno, akapaka tairi weusi, na kwenye kioo cha nyuma alibandika picha ya kifaru na maneno ya kumshukuru Mungu. Chini ya gari hakuwahi kuchungulia hata siku moja. Alivaa kaki zenye mifuko ya zipu mapajani, zile za madereva wa watalii, ingawa hakuna mtalii aliyewahi kukalia kiti cha Noah ile. Kazi yake ilikuwa kubeba wapishi, wafagizi na wafua shuka wa loji moja ya karibu na geti la Ngorongoro, kuwapeleka alfajiri na kuwarudisha Karatu jioni. Ukimuuliza anafanya nini, atakwambia yuko kwenye utalii.

Alhamisi moja, kwenye mlima wa kabla ya geti, gari likamgomea. Injini ilinguruma, mshale ukapanda, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Elirehema akakanyaga mafuta zaidi, maana hiyo ndiyo elimu ya ufundi aliyokuwa nayo. Gari likanguruma zaidi na kuanza kurudi nyuma polepole, mpaka mpishi mmoja mtu mzima akafungua mlango bila kuaga na kushuka. Wengine wakamfuata. Walipanda ule mlima kwa miguu, wakiwa wamebeba viatu vya kazi mkononi ili visiingie vumbi, na wakafika wageni wa loji wameshaanza kuulizia chai.

Msimamizi wa loji hakugomba. Alisema kwa upole kwamba anampa mpaka Jumatano ijayo, na kwamba kuna bwana mmoja wa Rhotia ana gari zima na anaitaka kazi hiyo siku nyingi. Upole ule ulimuuma Elirehema kuliko tusi. Kutukanwa angeweza kwenda kusimulia kwa watu, na wao wangemwonea huruma.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wa Karatu tunaishi nalo na hakuna anayelifikiria. Udongo wetu ni mwekundu. Unaingia kwenye soksi, kwenye shuka, kwenye ukurasa wa Biblia. Na mafuta ya gia ya gari la otomatiki, ambayo mafundi wanayaita haidroliki, nayo ni mekundu. Miezi mitatu Noah ilikuwa ikiyadondosha uani kwa Elirehema na ardhi ikiyanywa, bila kuacha hata baka la kumshtua mtu. Kuna kijiti cha kupimia mafuta hayo, kimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye macho, lakini Elirehema alikuwa hajui kiko wapi.

*

Gideon, fundi wa pale njia panda ya Mbulu, aliitwa Injinia na watu ambao yeye mwenyewe aliwaambia wamwite Injinia. Alikuwa na shati la bluu lenye jina lake kifuani na mashine ya kupimia magari iliyokaa ndani ya sanduku lenye sponji. Aliichomeka chini ya usukani, ikawaka, ikaandika namba na maneno ya Kizungu. Gideon akaitazama kwa huzuni, kama daktari anayetafuta namna ya kumwambia mtu habari mbaya. Akamgeuzia Elirehema kioo cha mashine ili naye aone. Elirehema hakuelewa hata neno moja, akatikisa kichwa na kusema ndiyo, alikuwa anahisi hivyo hivyo.

Baada ya hapo Gideon alijipenyeza chini ya gari kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, akatoka na kidole chekundu. Akaeleza kwamba gia boksi lote limelowa, sili zimekwisha, limekufa kwa ndani na halina matengenezo. Dawa yake ni kuweka jingine la mtumba kutoka Arusha, milioni moja na laki nane, kazi ndani yake. Lile la zamani angebaki nalo yeye, eti ni chuma chakavu, angebeba mwenyewe gharama ya kulitupa. Elirehema alimshukuru sana kwa wema huo.

Ili gari lifike nyumbani, Gideon alimwagiza mtu wake aongeze lita tatu za haidroliki. Lilifika. Lilipanda kilima cha Bwawani bila kigugumizi, likaingia uani likiwa na nguvu zake zote. Mtu mwenye akili angejiuliza imekuwaje marehemu akatembea vizuri namna ile. Elirehema aliwasha redio.

*

Mkewe, Veronika, alizaliwa Qurus kwenye nyumba ya wakulima, na alikuwa na ng'ombe. Nasema yeye ndiye aliyekuwa na ng'ombe, si mumewe, kwa sababu mama yake alimpa mtamba siku alipoolewa, na yule mtamba akazaa Chausiku, mweusi mwenye doa jeupe kifuani kama bakuli. Kwao Veronika, ng'ombe wa namna hiyo mwanaume anakunywa maziwa yake na kumwita kwa jina, basi, haki zake zinaishia hapo. Chausiku alikuwa na mimba ya miezi mitano na bado alikamuliwa asubuhi na jioni. Binti yao Benedicta alikuwa kidato cha pili, bweni, Mbulu. Ada yake ilitoka kwenye chuchu za Chausiku, haikutoka kwenye utalii, na hili Elirehema hakupenda litajwe mbele ya watu.

Ijumaa jioni Veronika alikuwa ameanua maharage yake, akaviacha chini viroba vyeupe alivyovishona pamoja vya kuanikia. Elirehema akaegesha gari juu yake kwa uvivu wa kutosogeza. Asubuhi Veronika alipovivuta alikuta baka jekundu kubwa la kutosha sahani. Kwanza aligombea viroba vyake, maana ndivyo vilivyokuwa vyake. Kisha akaangalia vizuri. Jana yake mumewe alikuwa amemwonyesha kwa kidole, kwa fahari ya mtu aliyefundishwa jambo jipya, kwamba gia boksi la Noah linakaa chini ya viti vya mbele. Baka halikuwa chini ya viti. Lilikuwa mbele kabisa, chini ya pua ya gari, palipo na rejeta.

Kibuyu cha maziwa kikivuja, Qurus hawakitupi wala hawakipeleki kwa injinia. Unakipangusa mpaka kinakauka, unakipaka majivu laini yaliyochekechwa, unakijaza maji, unakaa unakitazama. Jivu linapogeuka rangi, hapo ndipo palipopasuka. Veronika alikuwa akifanya hivyo tangu hajaota meno ya ukubwani. Alichota majivu ya jikoni, akayachekecha, akatandika kiroba chini ya gari na kujilaza chali na kitenge chake.

Alipangusa kila kilichokuwa na unyevu, kuanzia kwenye gia boksi mpaka kwenye rejeta, akafuata mabomba mawili ya chuma yanayopeleka mafuta ya gia mbele kupozwa na vipande vya mpira vinavyoyaunganisha. Akapaka majivu kote. Halafu akamwambia mumewe awashe gari aliache likinguruma. Elirehema alicheka sana, lakini akawasha, kwa sababu alitaka kuwa na kitu cha kusimulia.

Haikufika robo saa. Gia boksi lilibaki na jivu lake kavu, limetulia. Kwenye mpira mmoja karibu na rejeta jivu likaanza kuwa jeusi, mstari mfupi wa urefu wa ukucha, kisha tone jekundu likajikusanya na kuanguka.

"Njoo uone," alisema Veronika. "Ni mpira tu, Baba Benedicta. Mafuta yanatokea huku mbele, gari likikimbia upepo unayapeleka nyuma yanalowesha boksi zima. Boksi halina kosa."

Elirehema hakulala chini, kaki zilikuwa zimepigwa pasi. Aliinama kidogo, kiasi cha kuweza kusema kwamba ameinama.

"Injinia ameweka kompyuta," alisema. "Wewe umeweka majivu."

"Hiyo kompyuta ililala chini ya gari? Na kama boksi limekufa, juzi umelileta nyumbani na nini?"

Elirehema alikuwa mtu wa kukasirikia maswali ya aina hiyo. Alimwambia avae viatu waende gereji, akaelezwe na mtaalamu.

*

Gereji walikuwapo wanaume sita, na ni wawili tu waliokuwa na kazi. Gideon alimsikiliza Veronika mpaka mwisho huku akifuta mikono, kisha akawatazama wenzake kuhakikisha wote wanasikiliza. Akaeleza kwamba gia boksi likishakufa linasukuma mafuta kwa presha kubwa, ndiyo maana mpira unatoa jasho. Ukiziba pale patapasuka pengine, na pengine gari litashika moto na watu wa loji ndani. Ulikuwa uongo mzuri, umekaa kama ukweli, na Gideon aliutoa bila kupepesa macho.

"Ila mama ametusaidia," aliongeza. "Kesho natupa mashine, tunapima magari kwa unga wa ugali."

Wanaume walicheka. Hilo Veronika alilitegemea, si mara yake ya kwanza kusimama mbele ya wanaume wasio na kazi. Asichokitegemea ni kwamba Elirehema naye alicheka, tena alikuwa wa kwanza, akimpiga Gideon begani. Alicheka ili asihesabiwe upande wa mkewe. Veronika alisema neno moja la Kiiraqw, lugha ya kwao, ambalo Elirehema, katika miaka kumi na saba ya ndoa, hakuwahi kujisumbua kujifunza maana yake. Akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni Elirehema akasema lile lililokuwa tumboni mwake tangu Alhamisi. Hakuuliza, alitangaza. Milioni moja na laki nane hana, kazi ikipotea nyumba nzima imepotea, na bandani amesimama mnyama anayelingana na pesa hiyo. Jirani yao Katarina, mama wa kwaya, ambaye hakuna lililosemwa mle ndani bila yeye kulisikia kwenye ua wa michongoma, alipita kesho yake asubuhi kabla ya ibada kumwambia Veronika kwamba mke anayeifungia mali yake kwenye banda lake ana mguu mmoja nje ya ndoa. Katarina mwenyewe alikuwa na mashamba mawili kwa jina lake peke yake. Alisema hayo kwa upendo, akaomba na maziwa nusu lita.

*

Senteu, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Arash, alikuja Jumapili mchana. Alikuwa Karatu kwa ajili ya mnada, na Elirehema alikuwa amempigia simu bila kumwambia mtu. Alimzunguka Chausiku mara mbili, akamshika nundu, akaweka kiganja ubavuni na kukiacha pale kwa muda.

"Ana mimba," alisema. "Ni wa nani?"

"Ni wa hapa nyumbani," alijibu Elirehema.

"Nyumba haina mikono. Nani anamkamua?"

Elirehema alikohoa, akaonyesha jikoni kwa kidevu. Senteu akaachia kamba. Alisema kwao ng'ombe wa mama hanunuliwi kwa baba, maana kesho mama akija kumlilia bomani kwako ng'ombe hatapona. Mwenyewe aseme. Akakaa juu ya gogo, akaweka fimbo magotini na kungoja, hana haraka.

Veronika alisikia yote akiwa mlangoni. Alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya haki. Neno moja lingetosha, hapana, na Senteu angenyanyuka akaondoka na Chausiku akaendelea kutafuna majani yake. Lakini aliona na kilichokuwa nyuma ya neno hilo. Jumatano ingefika, kazi ingekwenda kwa yule wa Rhotia, na toka siku hiyo kila kitakachoharibika ndani ya nyumba ile mpaka anazikwa kingekuwa kosa lake na ng'ombe wake. Mume ambaye mkewe alikuwa na haki, huyo Veronika angeweza kumvumilia. Lakini mume aliyenyimwa na mkewe, hiyo ndiyo sehemu ambayo Elirehema angeiigiza kila siku, kwa ndugu zake, kanisani, kilabuni. Veronika alimjua vizuri. Alichoka hata kabla hayajaanza.

"Mchukue," alimwambia Senteu. Kisha akamgeukia mumewe. "Ila nisikilize mbele ya huyu. Ng'ombe wangu ndiye anayenunua gia boksi jipya. Kwa hiyo lile la zamani ni langu mimi. Lisibaki gereji. Lije hapa, liingie kwenye banda la Chausiku."

"Utalifanyia nini chuma kile?"

"Nitalikamua."

Elirehema alikubali upesi, kwa kuwa halikumgharimu kitu. Senteu akalipa noti juu ya noti, akasema, akimwita mama kwa lugha yake, "Yeyo, nimesikia, mimi ni shahidi," akamfungua ng'ombe. Veronika alimsindikiza Chausiku mwenyewe mpaka barabarani akimshika sikio. Alilia baadaye, jikoni, na siku hiyo hapakuwa na moshi wa kusingizia.

*

Jumatatu Gideon alianza kazi, na Veronika alikwenda gereji akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tangu asubuhi mpaka saa tisa, akila mahindi ya kuchoma. Wanaume sita walijaribu kuchekesha wakaona haisaidii. Gia boksi la zamani lilipotoka, Gideon alilipangusa kwa taratibu, akaziba matundu yake kwa karatasi na kulifunika kwa kitambaa kisafi. Veronika akajiuliza ni lini chuma cha kutupa kilianza kufunikwa kitambaa.

Kisha akaona mpira. Ule ule wa karibu na rejeta, wenye mstari mweusi wa jivu lake, unarudishwa mahali pake na kubanwa kwa klipu ile ile iliyolegea. Akasema huo ndio unaovuja. Gideon akamjibu bila kugeuka kwamba huo ni mzima. Elirehema akamwambia aache watu wafanye kazi yao.

Ilipofika wakati wa kubeba gia boksi la zamani, Injinia alipata maneno mengi ghafla. Alisema utaratibu wa gereji haukubali, litamwaga mafuta nyumbani, litaumiza mtu. Akatoa elfu hamsini. Akatoa laki moja. Elirehema alishanyoosha mkono kuzipokea, Veronika akasema Senteu bado yuko mjini na anakumbuka kilichosemwa. Wakalipakia. Bandani aliliweka juu ya majani makavu, pale pale Chausiku alipokuwa akilala, na kulifunika kwa viroba vyake vyenye doa.

*

Jumatano Elirehema alirudi kazini akipiga honi. Aliwaeleza abiria wote habari ya gia boksi jipya la Kijapani, akawaeleza na bei, akaongeza kidogo. Alhamisi ilikuwa nzuri. Ijumaa aliosha rimu. Jumamosi alfajiri, kwenye mlima ule ule, injini ilinguruma na magurudumu hayakuwa na habari.

Yule mpishi mtu mzima alifungua mlango. "Safari hii nimevaa raba," alisema, akashuka.

Msimamizi wa loji hata simu hakupiga. Saa nne gari la yule bwana wa Rhotia lilipita likishuka, jeupe, likamwacha Elirehema amesimama kando ya barabara na kaki zake. Alimpigia Gideon. Gideon alisema mtumba ni mtumba, bahati nasibu, alete gari wapime tena kwa mashine. Kwa mara ya kwanza Elirehema alitaka kumuuliza mtu yule kama mashine inalala chini ya gari, lakini hilo lilikuwa swali la mkewe na aliona aibu kulitumia.

Alivutwa na pikapu ya mbogamboga mpaka nyumbani, akakaa kwenye gogo alilokalia Senteu. Veronika alimtazama tu. Hakusema nilikwambia. Angesema, Elirehema angepata nafasi ya kugombana naye, na ugomvi ungempumzisha. Alichukua kisu, akajipenyeza chini ya Noah, akaukata ule mpira na kutoka nao. Mstari wa urefu wa ukucha ulikuwa umekuwa mdomo. Akautia kwenye mkoba wa kanisani na kwenda nao duka la spea, akarudi na kipande kipya cha urefu wa shibiri moja, klipu mbili na kopo la haidroliki. Mpira na klipu zake vilikuwa na bei ya kuku mmoja, tena tetea ambaye hajaanza kutaga.

Aliviweka vyote mbele ya mumewe juu ya gogo, akaweka na bisibisi, akaingia ndani. Elirehema alivitazama muda mrefu. Halafu akalala chini, na kaki zake zote, kwenye udongo uliolowa mafuta. Aliumwa na klipu vidole viwili, akapiga kichwa kwenye bampa, akafunga. Alipojaza mafuta na kuwasha, gari lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele. Halikuwa na pa kwenda tena, lakini lilikuwa zima. Lilikuwa zima tangu mwanzo, ukiacha mpira. Elirehema alizima, akabaki ameshika usukani, akaanza kulia, mtu mzima yule, akiwa amefunga vioo ili Katarina asisikie. Katarina alisikia.

*

Gideon alifika Jumanne kwa pikipiki, bila shati la bluu. Alikaa, akakubali chai, akasifu migomba. Kisha akasema anaweza kumsaidia Elirehema kuondoa ile takataka bandani, kwa laki tatu. Elirehema alikuwa amekaa pembeni, miguu imechafuka. Gideon akafikisha laki tano, na jasho likaanza kumtoka, mwishowe maneno yakamtoka nayo. Kulikuwa na mteja, mwenye Noah kama ile, gari lake liko juu ya mawe wiki ya nne. Mteja alishalipa pesa yote na Gideon alishaila. Sasa mteja anataja polisi. Na gia boksi aliloahidiwa mteja huyo, zima kabisa, halina kasoro, Gideon alikuwa ameshaliuza tangu ile Alhamisi, likiwa bado ndani ya gari la Elirehema.

Alisema hivyo, zima kabisa, halina kasoro, kwa mdomo wake. Aliposikia alichokisema akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Elirehema aliinua uso. Kwa mazoea mdomo wake ulishafunguka kusema chukua, fundi, lakini sauti iliyosikika ilitoka bandani. Veronika alikuwa amesimama na ufagio karibu na viroba.

"Bei yake ni Chausiku," alisema.

"Mama, mimi sifanyi biashara ya ng'ombe."

"Na mimi sina mashine. Nataka Chausiku, na mimba yake. Ng'ombe mwingine usilete, nitamjua."

Gideon alimgeukia Elirehema, akatabasamu lile tabasamu la gereji, la mwanaume kwa mwanaume. "Kamanda, hebu ongea na mama."

Elirehema alitazama doa jekundu kwenye goti la kaki zake. Alikuwa amelisugua kwa sabuni siku mbili halijatoka.

"Mwenyewe ameshasema," alijibu.

*

Kwa Senteu, Arash, si karibu. Gideon alikwenda na kukaa huko siku mbili, akatukanwa kwa adabu, na kwa kuwa hajui kupatana bei ya ng'ombe alilipa alichoambiwa. Nashipai, mke wa Senteu, ndiye aliyemkamua Chausiku siku zote hizo, na naye alitaka shukrani yake, akapewa. Jumatatu mchana lori dogo lilisimama mbele ya nyumba ya Elirehema. Gideon alishuka nyuma, maana dereva alikataa ng'ombe aje bila mtu wa kumshika, na suruali yake ilieleza safari yote.

Veronika hakumkimbilia ng'ombe wake. Alimpima. Alimpapasa ubavu akangoja mpaka mtoto apige teke, akatazama meno, akashika chuchu moja baada ya nyingine, akamtembeza mpaka kwenye migomba na kurudi. Gideon na vijana wawili wa kubeba walisimama juani wakingoja. Katarina alisimama kwenye michongoma, hakukosa hata kidogo.

"Haya, bebeni," alisema Veronika.

Walilitoa gia boksi bandani, wakalinyanyua mpaka kwenye lori. Gideon alikuwa ameshaweka mguu kwenye bampa apande, Veronika akamwita.

"Huyo mteja wako, gari lake lilikuwa linavuja?"

"Lilikuwa linavuja, mama."

"Ulilala chini ukaangalia panapovujia?"

Gideon akashusha mguu kutoka kwenye bampa. Veronika aliingia jikoni, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa majivu mpaka juu. Yalikuwa laini, yamechekechwa mara mbili, na aliyeyachekecha asubuhi ile alikuwa Elirehema. Akamkabidhi Gideon mikononi, mbele ya vijana wake na mbele ya Katarina.

"Haya ni ya bure," alisema, akaenda kumpa Chausiku maji.